Dirisha la Pili

Ijumaa watu hufika kabla sijafungua pazia.
Pangai ina mashine moja ya kutolea pesa, mgonjwa tangu Pasaka,
na mimi, nyuma ya kioo, dirisha la pili,
na mihuri miwili na kalamu iliyofungwa kwa uzi
kana kwamba kuna wa kukimbia nayo
katika kisiwa ambacho hata mbwa mdokozi
anajulikana ni wa nyumba gani.

Nasoma namba. Tarakimu kumi. Ukikosea moja
jasho la mtu linaning'inia hewani
kati ya Hastings na hapa, halina mwenyewe.
Wana wao nawajua kwa kiasi, si kwa sura.
Mia mbili kila baada ya wiki mbili: Folauhola, hajabadilika.
Mia tano, kisha kimya miezi minne: huyo kapata mchumba.
Themanini: mvua imenyesha huko, matufaha hayachumiki.
Mchumia juani hulia kivulini, sawa,
ila jua liko kwao na kivuli kiko kwetu,
na katikati nimekaa mimi na makato.

Redio juu ya kabati inasema uchumi umekua.
Bwana wa hazina ana sauti ya mtu aliyeshiba.
"Mapato kutoka nje," anasema, kama anayetaja upepo.
Mimi uchumi naujua. Unaingia saa tatu asubuhi
na ndala za rangi mbili,
unaitwa Kalolaine, unatokea Koulo,
unahesabu mara mbili kwa miwani ya kioo kimoja,
kisha unanitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyepanda ngazi nikachuma.

Bati kumi na nne, na misumari yake.
Ada ya Melenaite.
Bahasha ya kanisa, maana majina husomwa kwa sauti, na kiasi,
na hakuna mama anayetaka jina lake lifuatwe na kikohozi.
Kinachobaki ni cha chumvi.
Nyuma ya nyumba, shamba la viazi vikuu limekuwa kichaka:
mikono ya kulilima inapogoa miti ya watu.

Ijumaa ile hakuja na namba.
"Nataka kutuma," alisema.
"Kupokea, mama."
"Kutuma."

Mto umepanda, akasema, huko kwao.
Akasita kwenye neno hilo, kwao, kama aliyejikwaa.
Maji yamefika matawini. Wanalala ukumbini mwa shule.
Bosi simu haipokei,
na mkataba hausemi lolote kuhusu maji.
"Hakeai hakuniomba. Ila kasema yuko salama mara tatu.
Mtu aliye salama husema mara moja."

Alikuwa ameuza mkeka, ule laini wa harusi,
alioanza mama yake akaumaliza yeye,
miaka miwili ya vidole.
Kaununua mtu wa Nuku'alofa aliyeukunja vibaya.

Fomu za kutuma zilikuwa chini kabisa ya droo,
kingo zimeliwa na mende.
Sababu ya kutuma? Kuna visanduku vinne.
"Andika ale," akasema. Kisanduku hicho hakipo.
Makato yalipotokea akainua uso:
"Hata kwenda, mnakata?"
Nikamwambia mashine haijui kwenda wala kurudi.

Nikagonga muhuri. Hakuondoka.
"Itafika lini?"
"Imeshafika."
Akageuka akatazama barabara,
nguruwe wawili, pikipiki ya mchungaji,
akitafuta pale kitu kilichopita bila yeye kukiona.
"Miaka miwili," akasema, akavuta ndala zake.

Jioni nilifunga hesabu.
Safu ya zilizotoka huwa naipiga mstari tu.
Meneja aliweka kidole juu ya ile namba moja
akaniuliza kama nimekosea.